Bf 109 K-4 katika DCS World: mguu kwanza, mkono baadaye

Bf 109 K-4 ni ndege ya kivita ya Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, na DCS World ni mchezo wa kompyuta wa kuiga urushaji wa ndege. Wengi wanaoiponda K-4 wameivunja kabla haijaacha ardhi. Miguu ya ndege hii imefungwa kwenye kiwiliwili, si kwenye mabawa, kwa hiyo magurudumu yamekaribiana na ndege huyumba kirahisi. Rafadha nayo, ikizunguka kisaa ukiitazama toka kwenye kiti, huvuta pua kushoto kila unapoongeza nguvu ya injini.

Ukishaingia kwenye njia ya kurukia, sogea mbele mita chache gurudumu la mkiani linyooke, ndipo ulifunge. Ukilifunga likiwa limepinda, umeshaharibu. Teremsha flapu, yale mabamba ya nyuma ya mabawa, nyuzi 20. Vuta joistiki hadi tumboni, iegemeze kulia kidogo, kisha ongeza gesi polepole: hesabu hadi sita kabla ya kufika 1.3 ata (kipimo cha shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini). Mguu wa kulia ukanyage pedali ya usukani wa mkia kwa kugusagusa. Kosa la kawaida ni kukanyaga sana, pua ikaenda kulia, ukastuka na kuachia ghafla. Hapo itakurudisha kushoto kwa nguvu maradufu na bawa litakwangua lami. Mkia usiusukume ukiwa bado taratibu. Ukiinuka ghafla, rafadha hugeuka kuwa kama pia ya watoto inayozunguka na kuivuta pua kushoto tena. Uache unyanyuke wenyewe, ndege itaondoka karibu na 180 km/h. Ikiondoka mapema na bawa la kushoto likazama, legeza joistiki na ukanyage kulia. Ukilipigania kwa joistiki peke yake, utalizamisha zaidi.

Angani, usukani wa mkia hauna trimu, yaani kirekebishi cha kukupunguzia kazi ya kukanyaga, unayoweza kuigusa ukiwa kwenye kiti. Ukipanda kwa nguvu nyingi na mwendo mdogo unakanyaga kulia. Ukipiga mbizi unakanyaga kushoto. Asiyetazama kimpira, kile cha kwenye dashibodi kinachoonyesha ndege ikienda upande, atalaumu bunduki.

Mwendo ukizidi, joistiki inakuwa nzito kama imechomelewa. Bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter: utaona mkono wako umevuta hadi mwisho, lakini alama kwenye skrini haijafika. Si hitilafu, ni nguvu ya rubani iliyoishia hapo. Usisubiri miti ikaribie. Zungusha gurudumu la trimu pua ipande, taratibu, la sivyo utazimia kwa G, yaani uzito unaokulemea ndege ikikata kona kali. Ukisikia "klak" kwenye kona kali, ni vibawa vya ukingo wa mbele vimefunguka vyenyewe. Hapo umebakiza kidogo kabla mabawa hayajashindwa kuibeba ndege, lakini bado hujafika.

MW-50, ule mchanganyiko wa maji na methanoli unaopuliziwa kwenye injini, unakupa 1.8 ata kwa dakika 10 mfululizo, si zaidi. Kabla ya misheni hakikisha tangi la nyuma limewekwa MW-50 na si mafuta. Likikauka nawe bado umesukuma gesi hadi mwisho, injini itaanza kugonga, na baada ya hapo tafuta shamba la kutua.

Mzinga wa MK 108 una risasi 65 tu, nzito na zisizo na mbio, hivyo huanguka upesi. Usiulenge kwa kufuata mistari ya moto ya risasi za MG 131, zile bunduki ndogo za ndege hii, maana hizo huenda mbali zaidi kabla ya kushuka. Sogea chini ya mita 200, piga kwa mkupuo mfupi.

Kutua: magurudumu chini ya 350 km/h, flapu kamili chini ya 250. Magurudumu ya flapu na trimu yako bega kwa bega kushoto kwa kiti, na marubani wa enzi hizo waliyazungusha yote kwa mkono mmoja. Yapangie vitufe vinavyokaribiana. Ingia kwa 200, gusa ardhi kwa magurudumu matatu, joistiki tumboni mpaka isimame. Breki ziguse na kuachia. Ukizing'ang'ania, utamaliza siku ukiwa umechongoa pua ardhini.