Shaqed, mti unaokesha: namna ya kulichimba neno moja la Kiebrania katika Biblia

Ninafundisha Kiebrania cha Biblia darasa la jioni. Wanaokuja ni waalimu wa Shule ya Jumapili, wahubiri walei na wanakwaya, watu waliochoka na kazi za mchana lakini wanataka kujua kilicho chini ya Biblia yao ya Kiswahili. Huwa nawaanzisha na neno moja: shaqed, yaani mlozi. Limetajwa mara chache, kwa hiyo unaweza kuipitia mistari yake yote ndani ya jioni mbili. Tena ni neno linaloniuma, maana nalisikia likihubiriwa ovyo. Fimbo imechanua, basi na wewe msimu wako wa kuchanua umefika, sema amina! Andiko lenyewe linasema jambo zito zaidi ya hilo.

Kiebrania huhitaji kukijua. Tafuta Biblia ya Kiswahili (mimi natumia ile ya Union Version ya 1952), daftari, na programu ya Biblia inayoonyesha namba za Strong, yaani namba ambazo kila neno la Kiebrania limepewa, nyuma ya kila neno. Kama una itifaki ya kitabu, ile orodha ya maneno ya Biblia na mistari yake ambayo wengi huiita konkodansi, itafaa pia.

Hatua ya 1: Soma mstari kwa Kiswahili na uandike unachokiona, bila kuongeza

Fungua Yeremia 1:11-12. Mungu anamwuliza Yeremia, kijana wa Anathothi, anaona nini, naye anajibu kwamba anaona "ufito wa mlozi". Mungu anamwambia ameona vema, "kwa maana ninaliangalia neno langu, ili nilitimize."

Sasa andika: kuna ufito. Kuna mlozi. Kuna Mungu anayeliangalia neno lake. Maua yapo? Hayapo. Katika kila darasa kuna mtu anayeandika "ufito uliochanua", na huwa namwomba anionyeshe neno hilo kwenye mstari. Kiebrania nacho kinasema maqqel shaqed tu, ufito wa mlozi. Maqqel ndilo neno la zile fito ambazo Yakobo alizibambua maganda katika Mwanzo 30:37. Maua tumeyaazima kwenye hadithi ya Haruni, ambayo tutaifikia.

Andika pia swali ambalo Kiswahili kinaliacha wazi. Mlozi na kuliangalia neno vinahusianaje? Kwa nini Mungu aseme "umeona vema", kana kwamba jibu limo ndani ya mti wenyewe?

Hatua ya 2: Hakikisha ni mti gani

Kwenye Kiswahili hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba mlozi kwa watu wengi ni mchawi. Mwanafunzi wangu mmoja, mama mtu mzima, aliniambia kwamba tangu utotoni aliamini Yeremia alionyeshwa fimbo ya mchawi. Ameisoma hivyo miaka yote, na hakuna aliyemweleza. Ukiufundisha mstari huu, anza kwa kusema wazi kwamba ni mti uzaao lozi.

Mtego wa pili ni wa sisi tunaoishi pwani. Tukisikia lozi tunauwaza mkungu, ule mti wa kivuli wenye majani mapana, ambao watoto hugonga makokwa yake kwa jiwe wale kiini. Huo ni mti mwingine kabisa. Mlozi wa Biblia ni wa jamaa ya mpichi, na lozi zake ndizo tunazozikuta juu ya halua. Katika nchi ya Israeli hutoa maua mwishoni mwa Januari na Februari, baridi ingali ipo, miti mingine ikiwa bado imelala. Maua yake, meupe au ya waridi hafifu, hutangulia majani, hivyo unakuta tawi tupu limejaa maua. Shika jambo hilo: ni mti unaoamka kabla ya wenzake.

Jina letu la lozi lenyewe limetoka Kiarabu, lawz. Kiebrania nacho kina ndugu wa neno hilo, luz, ambalo ndilo lililo kwenye Mwanzo 30:37. Maana yake Kiebrania kina majina mawili ya mti huu, nasi tumerithi moja. Yeremia anatumia lile lingine, na hapo ndipo penye siri.

Hatua ya 3: Tafuta mzizi

Bonyeza neno "mlozi" kwenye Yeremia 1:11. Utapata namba H8247, shaqed. Kisha bonyeza "ninaliangalia" kwenye mstari wa 12. Utapata H8245, shaqad, na hapo umbo lake ni shoqed. Soma hiyo q kwa ndani kooni, kama qaf ya Kiarabu. Waliopita madrasa hawapati taabu.

Andika herufi zake: shin, qof, dalet. שקד. Maneno yote mawili yana herufi hizo tatu, si zaidi. Alama za irabu ziliongezwa na waandishi wa Kiyahudi karne nyingi baada ya Yeremia, kwa hiyo kwenye gombo la zamani mlozi wa mstari wa 11 na kuangalia kwa mstari wa 12 vingeonekana sawasawa machoni. Masikio ndiyo yangevitenganisha: shaqed, shoqed.

Yeremia anasema, naona shaqed. Mungu anajibu, umeona vema, mimi ni shoqed. Jibu limo ndani ya jina la mti.

Amosi aliulizwa swali lilelile katika 8:1-2. Alionyeshwa kikapu cha matunda ya wakati wa hari, qayits, akaambiwa kwamba mwisho, qets, umewajia Israeli. Ukiiona njia hii mara mbili utaanza kuitambua kwingine: nabii anaonyeshwa kitu cha kawaida, na jina la kitu hicho ndilo linalobeba ujumbe.

Wafasiri wamehangaika na jambo hili tangu zamani. Tafsiri ya Kigiriki, Septuaginta, iliandika fimbo ya mti wa jozi, na mlio ukapotea. Jerome, msomi wa Kanisa la kale, alipotafsiri kwa Kilatini aliamua kuuacha mti ili auokoe mlio, akaandika virgam vigilantem, fimbo inayokesha. Alipoteza mmea, lakini nampenda kwa ujasiri huo.

Hatua ya 4: Fuata kitenzi kokote kinakokwenda

Usiiruke hatua hii. Ndiyo inayobadilisha mahubiri.

Kwenye programu yako tafuta H8245. Kitenzi shaqad kimo mara 12 katika Agano la Kale. Soma mistari yote, lakini anza na miwili ya Zaburi. Zaburi 127:1: "BWANA asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure." Hilo "akesha" ni shaqad. Zaburi 102:7, mtu aliye taabuni anasema, "Nakesha," naye ni kama shomoro aliye peke yake juu ya nyumba. Hapo tena ni shaqad.

Basi wafasiri wetu walikuwa na neno zuri kabisa mkononi, wakalitumia kwenye Zaburi. Kwa Yeremia wakaandika kuangalia. Siwalaumu, kwani kuangalia ni sahihi. Lakini Mswahili anajua tofauti ya kuangalia na kukesha. Anayekesha ameacha usingizi, kwa mgonjwa, kwa maiti, kwa maombi. Rudi sasa kwenye Yeremia 1:12 na uandike daftarini: nakesha juu ya neno langu, ili nilitimize.

Kisha endelea na mistari ambayo hatuihubiri. Yeremia 5:6, chui anaivizia miji yao, na kuvizia huko ni shaqad. Danieli 9:14, Danieli anaungama kwamba BWANA alikesha juu ya yale mabaya mpaka akayaleta juu yao. Yeremia 44:27, kwa Wayahudi waliokimbilia Misri, Mungu anakesha juu yao kwa mabaya wala si kwa mema. Na 31:28, ambamo kitenzi kimo mara mbili: kama alivyowaangalia ili kung'oa na kubomoa, ndivyo atakavyowaangalia ili kujenga na kupanda.

Linganisha vitenzi hivyo na Yeremia 1:10. Ni vilevile alivyopewa nabii siku ya kuitwa kwake. Halafu soma 1:13, mstari unaofuata mara tu baada ya mlozi: chungu kinachochemka, kikielekea kutoka kaskazini. Neno ambalo Mungu analikeshea hapo, kwanza kabisa, ni hukumu. Yeremia aliitwa karibu na mwaka 627 kabla ya Kristo, na Yerusalemu ukaanguka 586. Karibu miaka 40 watu walimcheka kwa sababu neno lake halitimii. Mlozi alipewa yeye kwa ajili ya miaka hiyo.

Hatua ya 5: Sasa pitia mistari mingine ya mlozi

Jina shaqed limo mara 4 tu. Moja umeshaliona. Mwanzo 43:11 ni zawadi ya Yakobo kwa mtawala wa Misri, na hapo lozi ni lozi, chakula kizuri cha nchi. Usitafute fumbo. Mhubiri 12:5, mlozi unachanua katika shairi la uzee. Wengi wanaona mvi, nami nakubaliana nao.

Hesabu 17:8 ndiyo fimbo ya Haruni. Biblia za Kiebrania zinaupa mstari huo namba 17:23, usije ukadhani programu imekosea. Fimbo 12, moja kwa kila kabila, zililala hemani usiku mmoja, na asubuhi ile ya Lawi, kabila la Haruni, ilikuwa imechipuka, imechanua na kuzaa malozi mabivu. Maua hapo ni tsits, neno lilelile la bamba la dhahabu lililokaa kwenye paji la uso la Haruni, Kutoka 28:36.

Na vile vikombe vya kinara cha taa, Kutoka 25:33-34, vilifanyizwa kwa mfano wa mlozi, meshuqqadim, kutoka mzizi uleule. Vitatu katika kila tawi kati ya matawi 6, na vinne katika mti wa kinara, jumla 22. Taa hiyo iliwaka tangu jioni hata asubuhi (Kutoka 27:21). Mimi naona mti unaokesha umebeba taa inayokesha. Lakini andiko halisemi hivyo kwa maneno, kwa hiyo daftarini mwangu wazo hilo lina alama ya kuuliza pembeni.

Hatua ya 6: Gawa ukurasa mara mbili

Upande wa kushoto andika yale ambayo andiko linayasema lenyewe: mlozi ni kukesha kwa Mungu juu ya neno lake, Yeremia 1:12. Upande wa kulia andika unayoyaona wewe: mvi, kinara, kuamka mapema kwa mti. Ukihubiri, waambie watu unazungumza kutoka upande upi.

Kabla hujaifunga Biblia, soma Hesabu 17 mpaka mwisho, sio mstari wa 8 peke yake. Mungu anaagiza fimbo irudishwe mbele ya ushuhuda, iwe ishara juu ya hao waasi, nao wasife. Na watu walioyaona maua hayo wanamlilia Musa kwamba wanaangamia, wote wanaangamia. Andika na hilo, upande wa kushoto.