Alama kumi za kifungu chenye mapengo: mazoezi ya Kiingereza kwa mtahiniwa wa KCSE

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina alama 60 na hufanywa kwa saa mbili. Insha ya kiuamilifu hubeba alama 20, kifungu chenye mapengo alama 10, na stadi za kusikiliza na kuzungumza alama 30. Watahiniwa wengi huweka nguvu zao zote kwenye barua, ripoti au kumbukumbu za mkutano, halafu mapengo huyajaza mbio mbio kwa kubahatisha. Inasikitisha, kwa sababu hakuna sehemu nyingine ya karatasi hiyo inayotoa alama kumi kwa kuandika maneno kumi tu.

Sharti lake ni fupi: jaza kila nafasi kwa neno moja linalofaa zaidi. Huwekewi orodha ya maneno ya kuchagua. Wale waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofikia tamati mwaka 2023, walizoea maswali 1 hadi 15 yenye majibu manne kwa kila nafasi. Sekondarini hayo majibu manne hayapo, na ndiyo maana mwanafunzi aliyekuwa hodari darasa la nane aliweza kuyumba kidato cha kwanza na cha pili.

Mbinu ya kufuta maneno katika kifungu ilipendekezwa mwaka 1953 na Mmarekani Wilson Taylor, aliyetaka kupima kama maandishi yanasomeka kwa urahisi. Kwa kawaida yake, maneno yalifutwa kwa hesabu, mathalani kila neno la tano, liwe liwalo. Mtungaji wa mtihani wa shule hafanyi hivyo. Yeye huchagua neno la kuondoa, na huliondoa kwa sababu: anapima kihusishi fulani, kiunganishi fulani, umbo fulani la kitenzi. Kwa hiyo kila pengo lina ushahidi wake ndani ya kifungu. Kazi yako ni kuutafuta ushahidi huo na kuupigia mstari kabla ya kuandika jibu. Jibu ambalo huwezi kulionyeshea ushahidi, hata kama linasikika vizuri, lihesabu kuwa ni la kubahatisha.

Hiki hapa kifungu cha mazoezi. Kisome chote mara moja bila kalamu mkononi.

Mangrove trees grow where few other plants can survive, (1) ____ the edge of the sea, with their roots covered (2) ____ salt water twice a day. For many years, people on the coast cut them (3) ____ to build houses and burn charcoal. Not only did this destroy the breeding grounds of fish, (4) ____ it also left the villages exposed to strong waves. Fishermen (5) ____ once filled their baskets near the shore now had to sail much (6) ____ out. Today, the same communities are planting seedlings. The work is slow. Nevertheless, it has begun to (7) ____ fruit: crabs have returned, and so (8) ____ the prawns. If the trees had not been replanted, the beach would (9) ____ been washed away. The lesson is clear: we should look (10) ____ the forest that looks after us.

Kusoma mara ya kwanza ni kwa ajili ya mambo mawili: kifungu kinazungumzia nini, na matukio yako wakati gani. Hapa tunaanza na hali ya kawaida, tunarudi miaka ya nyuma, kisha neno "Today" linaturudisha sasa. Asiyeuona mgeuko huo atakosea vitenzi.

Mara ya pili, shika kalamu, na kwa kila pengo ujiulize kwanza aina ya neno linalokosekana: ni nomino, kitenzi, kihusishi, kiunganishi, kiwakilishi au kivumishi? Iandike aina hiyo kwa penseli pembeni. Maana ya neno ifuate baadaye. Wengi hufanya kinyume: hutafuta neno lenye maana inayopendeza, na mwishowe huweka nomino mahali pa kitenzi.

Pengo la 1 linataka kihusishi cha mahali. "Along" inafaa, "at" pia inafaa. "Next to" ni maneno mawili, kwa hiyo haina alama hata kama maana yake ni sahihi. Pengo la 2 nalo hukubali zaidi ya jibu moja: "by", "with" au "in". Usipoteze dakika ukijibishana na nafsi yako kati ya majibu mawili yanayokubalika. Chagua moja usonge mbele.

Pengo la 3: ushahidi ni "cut them". Kitenzi kipo, mtendwa yupo, kinachokosekana ni kile kijineno kinachobadilisha maana ya kitenzi: "down". La 4: "Not only" inayoanza sentensi hudai "but" mbele yake. Jozi za namna hii ni chache, na mtungaji huzipenda sana: either na or, neither na nor, both na and, so na that, too na to, hardly na when, no sooner na than. Zote zikariri.

Pengo la 5 linarejelea wavuvi, ambao ni watu, nao ndio wanaotenda: "who". La 6 lina kijaribio kizuri. Neno "much" likitangulia kivumishi au kielezi, kwa kawaida kinachofuata ni umbo la kulinganisha, kwa hiyo "far" haiwezi kusimama. Ni "farther" au "further". La 7 huwatega Waswahili. Nasi tunasema juhudi zimezaa matunda, taswira ni ileile, lakini Kiingereza kwa maana hiyo hutumia "bear". Anayetafsiri ataandika "give", na alama itamponyoka.

La 8: tazama nyuma. "Crabs have returned", na kwa kuwa kamba wamefanya vilevile, kitenzi kisaidizi hujirudia: "have". Anayeandika "are" hajapigia mstari chochote. La 9: sentensi ya sharti yenye "had not been" hukamilishwa na "would have been", kwa hiyo ni "have". La 10 ndilo la kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu jibu lake limekaa mbele ya pengo: "looks after us". Kwa hiyo ni "after". Anayesoma hadi kwenye pengo tu na kusimama ataandika "at", na "look at" ni Kiingereza sahihi kabisa, ila si kinachosemwa hapa. Soma sentensi nzima hadi nukta, na sentensi inayofuata pia, kabla ya kuandika.

Mara ya tatu, soma kifungu chote kwa sauti ya chini pamoja na majibu yako ndani. Hapo ndipo sikio hukamata kitenzi kisichopatana na kiima, au nomino iliyokosa "s" ya wingi.

Mahali Kiswahili kinapotuponza

Makosa mengi ya mapengo kwa wanafunzi wetu hayatokani na kukosa msamiati mgumu. Hutokana na maneno madogo ambayo Kiswahili hakina, au kinayabeba kwa njia nyingine.

Kiswahili hakina "a", "an" wala "the". Ukiona pengo mbele ya nomino ya umoja inayohesabika, na hakuna neno jingine linaloitangulia, fikiria moja ya hayo matatu kwanza. Mbele ya "same", "only" na umbo la juu kabisa kama "best" au "tallest", karibu kila mara ni "the". Tofauti ya "few" na "a few" nayo hupimwa: ya kwanza huonyesha uhaba, ya pili husema wapo kidogo na wanatosha. Katika kifungu chetu ni "few other plants", kwa sababu mimea mingine karibu yote hushindwa kuishi hapo.

Kisha kuna "kwa". Neno letu hili moja hufanya kazi ya vihusishi vingi: kwa basi ni "by bus", kwa miguu ni "on foot", kwa kisu ni "with a knife", kwa saa mbili ni "for two hours". Kiambishi "-ni" nacho humeza "in", "at" na "on" kwa pamoja. Hakuna kanuni itakayokuokoa hapa. Kilichopo ni kujifunza kihusishi pamoja na neno linalokitangulia, kana kwamba ni neno moja: depend on, good at, afraid of, married to, accused of lakini charged with, prefer tea to coffee. Ukijifunza "afraid" peke yake, umejifunza nusu.

"Ingawa" kwa Kiswahili mara nyingi hufuatwa na "lakini" au "hata hivyo". Kiingereza kikishaanza sentensi na "although", hakitaki "but" katikati. Vilevile, "despite" haifuatwi na "of". Yenye "of" ni "in spite of". Na "-ingi" yetu hugawanyika: "many" kwa vinavyohesabika, "much" kwa visivyohesabika kama maji, habari na ushauri.

Neno "yeye" halibagui mwanamume na mwanamke. Pengo likitaka "he" au "she", jina au neno la kutofautisha huwa limetajwa kwingine katika kifungu, pengine aya moja nyuma. Litafute. Kitenzi "kuazima" nacho, watu wengi hukitumia kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza hutumia "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa.

Kujitungia vifungu

Mitihani iliyopita ni hazina, lakini huisha haraka, na ukirudia kifungu kilekile mara tatu unapima kumbukumbu tu. Jitungie. Chukua aya ya gazeti la Kiingereza au ya kitabu cha sayansi cha darasani, yenye maneno 120 hadi 180. Iandike upya kwenye karatasi ukiacha mapengo kumi. Sentensi ya kwanza iache nzima, au iwe na pengo moja au mawili tu, ili msomaji ajue habari inahusu nini. Acha walau maneno sita au saba kati ya pengo na pengo. Yakisongamana, ushahidi hupotea na zoezi linakuwa fumbo.

Mchanganyiko unaofaa ni vihusishi vitatu, viunganishi viwili, vitenzi viwili, kiwakilishi kimoja, na maneno mawili ya msamiati yanayokaa katika misemo ya kawaida. Usifute majina ya watu, tarehe wala namba. Hakuna awezaye kuvikisia, na mtihani hauvipimi. Majibu yaandike nyuma ya karatasi, kisha badilishaneni na mwenzako. Kama huna mwenzako, weka karatasi kando kwa siku kumi ndipo uijaze. Kutunga kwenyewe kunafundisha: anayechagua neno la kufuta hulazimika kujiuliza msomaji atalijuaje, na hilo ndilo swali la mtihani.

Vifungu vitatu kwa wiki vinatosha kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kimoja kifanye kwa muda uliopangwa, viwili kwa utulivu huku ukipigia mstari ushahidi. Kwa anayeanza mazoezi haya, vitabu vya zamani vya marudio ya KCPE bado vina kazi: funika yale majibu manne kwa kipande cha karatasi, andika neno lako kwanza, kisha funua ulinganishe. Ukianza kwa kutazama majibu, unapima uwezo wa kutambua, ilhali sekondarini utatakiwa kukumbuka.

Daftari la makosa

Baada ya kusahihisha, usiandike "7/10" na kufunga daftari. Kwa kila pengo ulilokosa, andika vitu vinne kwenye mstari mmoja: neno uliloandika, neno sahihi, ushahidi ulioupuuza, na kundi la kosa. Makundi matano yatatosha: kihusishi, kiunganishi, umbo la kitenzi, msamiati, tahajia. Nukuu kirai kizima, "exposed to strong waves", si "to" pekee. Baada ya vifungu kama kumi utaona kundi moja limejaa kuliko mengine, na hapo ndipo pa kuweka wiki mbili zijazo. Mwanafunzi anayekosa viunganishi hana faida ya kukariri maneno magumu ya kamusi.

Tahajia isidharauliwe. "Recieve", "untill" na "begining" ni majibu sahihi yaliyotupwa. Neno likianza sentensi, liandike kwa herufi kubwa. Vifupisho kama "don't" viepuke.

Siku ya mtihani

Saa mbili kwa alama 60 ni dakika mbili kwa alama, yaani dakika 20 kwa kifungu. Lenga kumaliza kwa 12 hadi 15, na zinazobaki uzipeleke kwenye insha. Pengo likikukwamisha zaidi ya dakika moja, liruke. Mapengo ya mbele mara nyingi huleta maana iliyokosekana nyuma. Usiache nafasi tupu, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Na katika usomaji wa mwisho, badilisha jibu pale tu unapoweza kuonyesha neno ndani ya kifungu linalolikataa lile la kwanza. Likate kwa mstari mmoja, uandike jipya waziwazi juu yake, kwa sababu msahihishaji akikuta maneno mawili yote yamesimama hatakuchagulia.