Riwaya ya kusisimua au fantasia? Namna ninavyoamua pale kwenye turubai

Wateja wangu wa vitabu vya mtumba hapa Posta, wengi hawaulizi mwandishi. Wanauliza aina. "Kaka, fantasia unazo?" Mtu aliyetaka mazimwi na wafalme ukimpa kitabu cha kijasusi, kesho yuko mbele yako asubuhi na mapema, anataka hela yake. Kwa hiyo kupanga vitabu kwangu si urembo, ndiyo biashara yenyewe. Na riwaya inayoleta ubishi kuliko zote ni The Da Vinci Code ya Dan Brown, iliyotoka 2003. Nakala yake ikifika tu, hakosi mtu wa kusema: "Hii weka kwenye fantasia, maana yote mle ni uongo." Swali kubwa basi ni hili: riwaya ya kusisimua inayopendwa na watu inaweza kuhesabiwa fantasia?

Anzia hapo hapo, kwenye huo uongo. Kitabu kuwa na uongo hakukifanyi kuwa fantasia, la sivyo turubai zima lingekuwa fantasia. Fungua ile riwaya kabla ya sura ya kwanza. Kuna ukurasa ambao mwandishi anatangaza kwamba anayoyataja pale ni ukweli, na mojawapo ni kwamba Priory of Sion ni chama cha siri kilichoundwa mwaka 1099. Chama chenye jina hilo kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956, mtu wake mkuu akiwa Pierre Plantard, na hati za kukipa ukale zilighushiwa na kupenyezwa katika maktaba ya taifa jijini Paris miaka ya 1960. Haya, ni uongo. Lakini uongo wa namna gani? Mwandishi wa fantasia anakwambia tangu mlangoni kwamba huku sheria ni nyingine. Brown anakuapia kwamba hii ni dunia yako hii hii, yenye jumba la makumbusho la Louvre lile lile na polisi wale wale. Riwaya yake inanoga kadiri unavyoamini kwamba ingeweza kutokea Jumanne iliyopita. Ukiniuliza mimi, hiyo ni riwaya ya kusisimua iliyosimama juu ya historia ya kughushi, na iko mbali na fantasia kuliko watu wanavyodhani.

Jalada na jina usiviamini. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na kwa jina hilo mtu angeiweka moja kwa moja kwenye mambo ya kuzimu. Ndani yake unamkuta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake: watu wanasema mzimu, yeye anatafuta mtu. Ben Mtobwa naye ana Salamu Toka Kuzimu. Jina linatisha, lakini mwenye kazi mle ni mpelelezi Joram Kiango, naye ni binadamu wa nyama na damu. Zote mbili naziweka kwenye upelelezi bila kusita.

Sasa shika kitu cha ajabu kilichomo kwenye riwaya, ukiulize kinafanyaje kazi. Kwenye The Da Vinci Code kuna kijipipa cha mawe chenye duara tano za herufi. Ukizipanga herufi sawasawa kinafunguka. Ukikilazimisha, kichupa cha kioo kilichomo ndani kinapasuka, siki inamwagika na karatasi ya mafunjo yenye siri inaharibika. Wahusika wanakishika kama mtu aliyeshika yai, kurasa nzima unabana pumzi. Lakini angalia kinachotisha pale ni nini: siki! Siki ya achari. Hakuna uganga, hakuna laana. Anayejua neno la herufi tano anakifungua, hata awe mwizi. Kwenye fantasia kitu kama hicho kingemtambua mwenye haki nacho, au kingefunguka kwa damu ya ukoo. Na ukoo kweli umo katika riwaya hiyo, tena mtakatifu, unaodaiwa kutoka kwa Yesu, ila damu yenyewe haitendi lolote. Hakuna anayeponya mtu kwa sababu ya nasaba yake. Nasaba ile ni siri ya kufichwa tu, kama hati ya kiwanja.

Kipimo kingine, ambacho ndicho ninachokitumia zaidi nikiwa na haraka, ni kuliondoa lile jambo la ajabu kichwani uone kama kisa kinasimama. Stephen King alitoa The Dead Zone mwaka 1979. Ukiisoma juujuu ni riwaya ya siasa: kuna mgombea hatari, kuna mtu anayekusudia kumpiga risasi. Lakini huyo mtu amezinduka baada ya kupoteza fahamu kwa miaka, na akikugusa mkono anaona yatakayokupata. Amemshika mkono mgombea, ameona vita. Ondoa mguso ule: anabaki mwalimu mmoja mwenye bunduki asiye na sababu ya kuibeba. Kisa kimekufa. Kwa hiyo jibu la swali kubwa ni ndiyo, riwaya ya kusisimua inayopendwa na watu inaweza kuhesabiwa fantasia, pale ambapo uwezo usio wa kibinadamu ndio injini yake. Fanya hivyo hivyo kwa Brown. Utaondoa nini? Hakuna cha kuondoa.

Sayansi iliyotiwa chumvi isikuchanganye. Angels & Demons, ya Brown pia, ya mwaka 2000, ina robo gramu ya antimata (kitu ambacho kikigusana na maada ya kawaida vyote viwili hutoweka na kutoa nishati kubwa) iliyoibwa CERN, maabara kubwa ya fizikia huko Ulaya. Wenyewe CERN wameshasema kwamba antimata yote waliyowahi kutengeneza, ukiiunguza kwa pamoja, ingewasha balbu moja kwa dakika chache tu. Ni chumvi, tena ya kilo. Lakini inadai njia ya maabara, kama vile Jurassic Park ya 1990 inavyodai kupata dinosaria kutoka kwenye damu iliyofyonzwa na mbu walioganda ndani ya kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe. Hizo ni bunilizi za kisayansi. Msomaji wa fantasia ukimuuzia atasoma, ila atakulaumu kidogo.

Ugumu halisi unakuja kwenye majini. Mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, alinikuta nikiweka riwaya ya Kiswahili yenye jini upande wa fantasia. "Mwanangu," akasema, "jini ni fantasia tangu lini? Kaulize Tanga." Sikuwa na la kumjibu, maana kwetu jini anatajwa hata kwenye kikao cha ndoa. Tangu siku hiyo imani ya msomaji siitumii kama kipimo; naangalia jini anafanya kazi gani kwenye kisa. Akiwa mdomoni mwa watu tu, mtaa mzima unamhofia, mganga kaitwa, halafu mwisho muuaji ni shemeji mwenye kisu, huo ni upelelezi. Akiwa ndiye aliyefunga mlango kwa ndani na marehemu yumo, na hadi ukurasa wa mwisho hapatikani mtu wala waya, hiyo ni fantasia, au hadithi ya kutisha kama lengo lake ni kukunyima usingizi. Kwa hiyo soma sura mbili za mwisho kabla hujaamua, hata kama utajiharibia uhondo. Mimi nimejiharibia wa vitabu vingi kwa njia hiyo.

Ziko pia zile ambazo mfu anarudi nyumbani, anaketi, anapewa chai na hakuna anayeshangaa. Wasomi wanaziita uhalisiajabu. Naziweka karibu na vitabu vya kiada, maana wanaozinunua ni wanafunzi wa fasihi wiki moja kabla ya mtihani.

Maktaba haitakusaidia sana. Kwa namba za Dewey, riwaya za Kimarekani zote zinaingia 813, awe mpelelezi au zimwi. Wachapishaji ndio wenye orodha ya aina. Geuza kitabu, tazama karibu na msimbo wa bei, mara nyingi wameandika. Ila hilo ni neno la muuzaji mwenzangu, naye anataka hela kama mimi. Kitabu kimoja wanaweza kukipa aina zaidi ya moja, na hawakosei: The Dead Zone naiweka mpakani, kati ya mafungu mawili, imeegemea fantasia. The Da Vinci Code inakaa na majasusi. Anayebisha namwambia aisome mpaka mwisho, akikuta uchawi anirudishie, nitampa kingine.