Mtoko wa watu sita: namna ninavyoupanga

Tuko marafiki sita, na mimi ndiye mkata tiketi. Jukumu hilo lilinijia baada ya wiki moja ambayo tulianza kuulizana Jumatatu "jamani, twende wapi?", na hadi Jumamosi jioni kila mtu alikuwa kwake amejilaza, hakuna aliyetoka. Tangu hapo siulizi tena swali la wazi. Naweka mambo mawili mezani: ama sinema Ijumaa saa moja usiku, ama mchezo wa jukwaani Jumapili saa kumi jioni, jibuni kabla ya kesho saa mbili usiku. Asiyejibu amekubali wingi wa watu. Katika jiji kubwa lenye maonyesho ya kila namna kila siku, kinachowashinda watu ni kuchagua, wala si kukosa pa kwenda.

Kabla ya tiketi kuna suala la pesa, na hili naomba ulichukue kwa uzito. Mwenzetu mmoja alipoteza kazi, akawa na udhuru kila tukipanga: leo kichwa, kesho mgeni. Ilinichukua miezi kugundua kwamba alikuwa anaona haya. Siku hizi kati ya mambo yangu mawili, moja lazima liwe la bei nafuu: sinema ya mchana katikati ya wiki, mchezo wa wanafunzi wa sanaa, au zile siku za majaribio kabla ya uzinduzi rasmi, ambazo kumbi nyingi hupunguza bei. Rafiki asilazimike kutunga uongo ili abaki nyumbani.

Sasa viti, maana hapa ndipo wengi wanapotupa hela yao. Kwenye sinema, kaa katikati ya safu, kiasi cha theluthi mbili ya ukumbi kutoka kwenye skrini. Mafundi wanaorekebisha spika huweka maikrofoni zao za kupimia maeneo hayo, kwa hiyo ukikaa hapo mazungumzo na mvua na mlio wa gari vinakufikia kwa uwiano uliokusudiwa. Safu ya kwanza niliwahi kuikaa kwa sababu nyingine zilijaa. Nilitoka shingo imekakamaa, na sura ya mtu ilikuwa kubwa kiasi kwamba nikitazama macho yake, mdomo unanipita.

Jukwaani hesabu hiyo haifai. Katika filamu kamera imeshakuchagulia pa kutazama. Kwenye mchezo unachagua mwenyewe. Ikiwa ni watu wawili watatu wanaozungumza, sogea mbele, kuanzia safu ya nne hadi ya saba, uone uso kabla ya maneno kutoka. Ikiwa ni dansi, panda ghorofani: ukiwa juu unauona mpangilio wa wachezaji kama unavyouona ukili ukisukwa. Viti vya ubavuni kabisa viepuke, na ukiambiwa kiti fulani kimezibwa na nguzo, amini.

Viti vya kundi navigawa mwenyewe. Mgeni tuliyekuja naye anakaa katikati yetu, asiwekwe pembeni akatazama migongo ya watu wakinong'onezana. Mwenye mtoto mchanga nyumbani anakaa kiti cha mwisho kando ya njia, simu yake ikiwa mfukoni kwenye mtetemo, aweze kutoka bila kukanyaga mtu. Wengine wote tunazima kabisa. Macho huchukua dakika 20 au zaidi kulizoea giza sawasawa, na mtu mmoja anayefungua ujumbe "mara moja tu" anawarudisha nyuma wote walio karibu naye.

Kuhusu muda, sinema ina matangazo ya mwanzo ya kukuokoa, mchezo hauna. Siku moja tulichelewa dakika 10 tu, na mhudumu akatuzuia mpaka tukio la kwanza liishe, kama ilivyo haki yake. Tulisimama ushorobani tukisikia ukumbi mzima ukicheka nyuma ya mlango, nasi hatujui kinachochekwa. Tangu siku hiyo tunakutana mlangoni nusu saa kabla, na kila mtu ana tiketi yake kwenye simu yake, ili anayechelewa asiwacheleweshe watano.

Halafu mazungumzo ya baadaye. Yapange kama ulivyopanga tiketi. Desemba 28, 1895, ndugu wawili Lumière, Wafaransa waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa sinema, walipowaonyesha filamu zao watu waliolipa kiingilio huko Paris, zilikuwa 10, na hakuna iliyofika dakika moja. Mtazamaji alizimaliza zote na usiku bado mbichi. Sisi tunaingia kwenye filamu inayochukua saa tatu, tunatoka karibu na saa sita usiku, kila mtu anakimbilia usafiri wa mwisho, na yote tuliyoyahisi yanaishia njiani. Kwa hiyo filamu ndefu naziweka mchana, na pa kukaa baadaye napatafuta mapema, mwendo wa dakika chache kwa miguu, pasipo na muziki wa kelele. Tukishakaa, hakuna kuuliza "ilikuwa nzuri?" maana jibu lake ni neno moja. Tunauliza: ni kitu gani bado unakiona? Na hakuna kusoma maoni ya watu kwenye simu mpaka sita wote tuwe tumesema.

Swali hilo ndilo lililotupa jioni yetu bora. Tulikuwa safu ya tano. Mjane alikuwa akikunja nguo za marehemu mumewe, shati moja baada ya jingine, bila neno. Kwenye shati la tatu kifungo kilikatika, kikabingirika mpaka ukingoni mwa jukwaa. Alipiga magoti, akakiokota, akakifumbata, akaendelea kukunja kwa mkono mmoja. Baadaye mezani wote sita tulikuwa bado tunakiona kifungo hicho, na tukabishana mpaka tukaombwa tuondoke wafunge: kilipangwa, au kilikatika kweli?

Wawili wetu tulikata tiketi tena, siku nne baadaye, ghorofani kwa sababu ndizo zilizobaki. Mjane alipofika shati la tatu hakikukatika kitu. Alisita tu, akapapasa kifuani mwa lile shati kwa kidole gumba, pale pale kifungo kilipokuwa, kisha akalikunja.