Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujapakia Mzigo Kwenye Pikapu

Kabla ya kupiga stati, washa swichi kwanza na uangalie dashibodi. Taa ya oili, ya betri, ya breki na ya injini zote ziwake, kisha zizime injini ikishaunguruma. Inayobaki imewaka ina tatizo, isipokuwa ya breki kama hendibreki bado imevutwa. Isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopa zaidi, maana huenda kuna mtu ameinyamazisha.

Jirani yangu alinunua pikapu ya mkononi, Toyota Hilux ya dizeli, abebe nyanya kutoka Ilula, Iringa, kwenda Dar. Injini za 3L, 5L, 1KD na 2KD zinatumia mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati zisigongwe na pistoni, na nyingi zina taa iliyoandikwa T-BELT. Kilomita 100,000 au 150,000 zikitimia, kutegemea injini, inawaka kukuambia ubadilishe mkanda. Yake haikuwaka hata siku moja, naye akaona gari ni zima. Ameshuka mlima Kitonga salama, amepita Ruaha Mbuyuni, injini ikazima ghafla. Akipiga stati inazunguka kwa wepesi, haishiki. Fundi alipofungua kava, mkanda ulitoka vipande vipande, na pistoni zilikuwa zimegonga valvu zikapinda. Baadaye wakafungua dashibodi: nyuma ya T-BELT tundu tupu, balbu imeng'olewa. Aliyemuuzia hakutaka kugharamia mkanda. Nyanya zilioza kando ya barabara, na silinda hedi ikameza pesa ya msimu mzima.

Basi gari la mkononi lisilo na kumbukumbu za matengenezo, badilisha mkanda wa taimingi pamoja na tenshena yake, kile kifaa cha kuukaza, kabla ya safari ya kwanza ya mzigo. Kilomita ziandike kwenye karatasi, uibandike chini ya boneti. Fundi akimaliza, hakikisha ameirudisha hesabu ya taa ya T-BELT kwenye sifuri. Hilux zenye injini za GD, zilizoanza mwaka 2015, zinatumia mnyororo, lakini hizo nazo oili chafu inaumaliza mapema.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima injini papo hapo. Usiseme utafika gereji, utanoki, yaani injini itakufa. Taa hiyo inazungumzia presha, kwa hiyo hata kijiti kikionyesha oili imejaa, usiwashe tena. Ya joto nayo: simama, acha ipoe, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Taa ya betri mara nyingi inamaanisha altaneta haichaji au mkanda wake umekatika. Kwenye magari mengi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, basi jicho lihamie kwenye geji ya joto. Ya breki, ukishashusha hendibreki na bado inawaka, angalia mafuta ya breki na unene wa pedi.

Dizeli ya kwenye madumu inaweza kuwa na maji. Taa ya filta ya dizeli ikiwaka, legeza koki ya chini ya filta, yatoke maji mpaka ije dizeli safi. Ukipuuza, utanunua nozeli na pampu.

Oili na maji ya rejeta pima asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Upepo wa tairi ulingane na mzigo. Spea, jeki na spana ya magurudumu viwemo. Usizidishe mzigo, usikimbize gari mteremkoni, na fundi akikuambia "hiyo taa achana nayo," tafuta fundi mwingine.