Kruza yenye miguu ya sportibaiki: anza na vipimo, spana baadae

Kuchanganya kruza (pikipiki ndefu na nzito ya safari za kutulia) na sportibaiki (pikipiki ya mbio, kwa kifupi sporti) kuna njia mbili. Ya kwanza unang'oa injini ya sporti unaipachika kwenye fremu ya kruza, hiyo waachie wenye karakana na mashine zote maana mwisho wa siku utajikuta unajenga fremu upya. Ya pili unaiacha kruza na injini yake, afu unaibadilishia sehemu ya mbele, foki (ile miguu miwili inayoshika tairi ya mbele), tairi na breki, na ukiwa na moyo unagusa na nyuma. Hii ya pili ndo ntaelezea, kwasababu kruza nyingi nguvu wanayo, shida yao ni kusimama na kukata kona.

Na sio wazo la kihuni, viwandani wanafanya. Ducati Diavel ya 2011 ilipewa injini ya ukoo wa superbike, tairi ya nyuma pana 240/45-17 (upana 240 mm, rimu ya inchi 17), na usukani umelala digrii 28. Hiyo 28 ishike kichwani.

Kwenye kununua spea, usiokoteze. Foki za huku, rimu ya kule, kalipa (vibano vya breki ya diski) za pengine, utatengeneza spesa (vipande vya kujazia nafasi) mpaka uchoke. Tafuta sporti moja iliyoumia nyuma au ubavuni, chukua mbele yote kama ilivyo: foki, klampu ya juu na ya chini (zile zinazoshikilia foki), ekseli na spesa zake, tairi, diski zote mbili, kalipa, masta silinda (pampu ya mafuta ya breki kwenye usukani), mpaka madigadi. Ile iliyogongwa uso kwa uso achana nayo hata kama bei inashawishi. Kama una wasiwasi, fungua foki, toa bomba lile linalong'aa, liviringishe juu ya kioo, likiwa limepinda utaona mwanga unapita chini yake unakuja na kuondoka.

Sasa shingo ya fremu, lile bomba la mbele ambamo nguzo ya usukani inazunguka. Utagundua kwamba nguzo ya usukani ya sporti haina urefu wala unene sawa na ya kruza yako, ni kawaida. Chukua venia (kile kipimo cha kubana cha mafundi) upime shingo urefu kutoka beringi mpaka beringi, kipenyo cha ndani cha vikombe vya beringi, afu kipenyo cha nguzo zote mbili juu na chini. Mara nyingi unapata beringi ambayo nje inaingia kwenye shingo ya kruza na ndani inakaa kwenye nguzo ya sporti, umemaliza. Ikishindikana kwasababu ya urefu, nguzo ya kruza inahamishiwa kwenye klampu ya chini ya sporti, kwa presi, na fundi wa kukereza vyuma akitengeneza bushi inayobana sawasawa. Isipigwe nyundo jamani, klampu ni aluminiamu, ikipasuka ufa hutauona mpaka siku mbaya.

Hapa kwenye jiometri ndo wengi wanaharibu, kwaiyo tukae kidogo. Reki ni ule mlalo wa usukani kutoka wima, sporti zinacheza digrii 23 mpaka 25, kruza 30 na zaidi. Treili ni umbali kati ya pale mstari wa usukani ungegusa ardhi na pale tairi inapogusa kweli. Ikiwa ndogo sana pikipiki inatetemeka kwenye spidi, ikiwa kubwa sana inakuwa nzito kugeuza. Na kuna ofseti, yaani foki zimekaa mbele ya nguzo kwa kiasi gani. Hesabu ni hii: zidisha nusu kipenyo cha tairi kwa sine ya reki, toa ofseti, kisha gawanya kwa cosine ya reki.

Tairi ya 120/70-17 nusu kipenyo chake ni kama 300 mm, na klampu ya sporti tuseme ina ofseti 30 mm. Kwenye fremu ya sporti yenye digrii 24 unapata treili ya kama 101 mm, safi kabisa. Chukua vitu hivyohivyo weka kwenye fremu ya kruza ya digrii 33, inaruka mpaka kama 159 mm. Umeona? Mtu anafunga foki za mbio akitegemea pikipiki iwe nyepesi, anatoka na kitu kinachogeuka kama lori.

Kinachokuokoa ni kwamba mbele inashuka. Foki za sporti huwa fupi, na ukitoka tairi ya 19 kwenda 17 unapoteza tena urefu. Chukua kruza ya digrii 30 yenye mita 1.6 kati ya tairi na tairi, ikishuka mbele 70 mm hivi, reki inapungua karibu digrii 2 na nusu, unabaki na 27 na nusu na treili ya kama 122 mm. Hapo uko jirani na ile Diavel, na ni sehemu nzuri sana kwa pikipiki nzito. Ila umelipia kwa kimo, ekzosi na vikanyagio vimesogea chini na vitakwaruza lami kwenye kona. Ukiinua nyuma kwa shokapu ndefu kidogo unarudisha kimo lakini unakula reki tena, kwaiyo piga hesabu upya kila unapobadilisha kitu.

Kabla hujafurahi, toa springi kwenye foki, rudisha foki tupu, afu shusha pikipiki taratibu na jeki mpaka foki zifike mwisho kabisa. Piga magoti uangalie tairi na madigadi vinakaribia wapi: rejeta, bomba la ekzosi, kichwa cha silinda, klampu ya chini. Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, ukiwa umeshusha hivyohivyo. Kidole kisipopita, haijakaa. Springi zenyewe utabadilisha tu, foki ilitengenezwa kubeba sporti ya kilo 200 hivi na kruza yako ina 250 au 300, ukikaa inatakiwa ishuke 30 mpaka 40 mm, sio ikae imechuchumaa.

Breki: tumia masta silinda ya sporti ileile. Masta ya kruza yenye diski moja inasukuma mafuta kidogo, ukiipa kalipa mbili kubwa lever inakuja mpaka kwenye grip na hakuna kilichoshika. Bolti zile zenye tundu za kupitisha mafuta zipo za nyuzi zilizoachana 1.00 mm na za 1.25 mm, kwa macho zinafanana, ukilazimisha umeua kalipa. Washa za shaba weka mpya. Mafuta ya breki ya DOT 4 na ya DOT 5 usichanganye kabisa.

Nyuma, kama kruza yako ni ya shafti (tairi inazungushwa na fimbo ya chuma badala ya cheni) acha kama ilivyo, sikutanii. Ya cheni inawezekana, pima upana wa pivoti (pale mkono unaoshika tairi ya nyuma unapoungana na fremu) na unene wa bolti yake, afu hakikisha spoketi ya mbele na ya nyuma ziko mstari mmoja na cheni haigusi tairi, hasa ukienda 180/55-17. Na ukiweka tairi radiali mbele (nyuzi zake za ndani zimenyooka kutoka ukingo hadi ukingo), usiache ya nyuzi mshazari nyuma.

Vidogo vidogo: vizuizi vya usukani lazima uchomelee vipya, la sivyo foki zinabonyeza tangi na vidole vyako viko katikati. Waya na hosi za breki zipime usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Spidomita ya kebo haitakuwa na pa kushika, weka ya sensa. Na sheria za kubadilisha pikipiki uliza kabla hujakata chuma, pamoja na bima.

Safari ya kwanza iwe fupi, sehemu wazi, spidi ndogo, shika breki mara kadhaa halafu ongeza spidi taratibu. Ukirudi shika spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), pita bolti za klampu, ekseli na kalipa zote, afu legeza na kaza upya nati ya shingo maana beringi mpya huwa zinakaa baada ya mwendo kidogo, usukani ukianza kugonga ukifunga breki ndo hiyo.