Seva sita, nakala tatu: anza na umeme

Mwongozo huu ni wa mwenye seva sita za Ceph katika jengo moja hapa Goma. Ceph, programu inayounganisha seva nyingi kuwa hifadhi moja ya data (klasta), hutunza nakala tatu za kila kipande cha data, na usipoiambia lingine huangalia tu zisikae kwenye seva moja. Kwamba seva hizo tatu zote zinakula umeme wa ondulere (UPS) moja, haijui.

Hatua ya 1: Tafuta vinavyozimika pamoja

Acha kibodi, shika karatasi. Fuata kila waya kwa mkono: kutoka seva hadi ondulere, kutoka ondulere hadi jenereta, kisha nyaya za mtandao hadi swichi. Usiamini mchoro wa fundi aliyekutangulia. Tazama diski pia: zilizotoka katoni moja hupenda kuchakaa pamoja, kwa hiyo zitenganishe. Lengo ni makundi matatu yasiyotegemeana. Ukikuta mawili tu, pesa ya seva ya saba inunue ondulere ya tatu.

Hatua ya 2: Iambie Ceph

Kundi tutaliita `rack`, yaani kabati la seva, hata kama huna kabati.

`ceph osd crush add-bucket umeme1 rack`
`ceph osd crush move umeme1 root=default`
`ceph osd crush move seva1 rack=umeme1`

Rudia hadi kila kundi liwe na seva mbili. Ujazo wa makundi ulingane, maana kundi dogo likijaa litakwamisha yote. Data itaanza kuhama. Fanya kazi hii usiku.

Hatua ya 3: Weka kanuni

Kanuni hii inasema kila nakala ikae kundi lake; `data` ni jina la pool, yaani fungu la hifadhi ndani ya Ceph.

`ceph osd crush rule create-replicated kwa_umeme default rack`
`ceph osd pool set data crush_rule kwa_umeme`

Subiri `ceph -s` ionyeshe HEALTH_OK.

Hatua ya 4: Tawanya monita

Monita si skrini, ni programu za Ceph zinazosimamia klasta. Weka tatu, moja kila kundi. Hufanya kazi kwa wingi wa kura, hivyo mbili zikizimika pamoja klasta yote inasimama, ingawa data ni salama kabisa. Wengi hupanga diski vizuri, hapa wakapasahau.

Hatua ya 5: Zima kweli

`ceph osd set noout`, ili Ceph isianze kuhamisha data ya diski zilizozimika, kisha zima ondulere moja. Onyo litatokea, lakini ikiwa `min_size` (idadi ya chini ya nakala zinazohitajika ili kazi iendelee) ni 2 watu wataendelea kuandika. Washa, ngoja nakala zilingane, nenda kundi linalofuata. Ukimaliza: `ceph osd unset noout`.

Hatua ya 6: Vuka ziwa

Mbele ya volkano ya Nyiragongo, makundi yako matatu ni kundi moja. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji. Mei 2021 iliishia pembeni, lakini watu waliambiwa wahame. Weka klasta ndogo Bukavu, ng'ambo ya Ziwa Kivu, ila usiiunganishe na hii ya Goma kuwa moja: Ceph husubiri nakala zote zithibitishwe kabla ya kukubali maandishi, na laini ikilegea kila mtu atasubiri. Tumia `rbd-mirror`, kifaa cha Ceph cha kunakili diski zake za mtandaoni (RBD) kwenda klasta nyingine, ipeleke mabadiliko kila nusu saa. Utakubali kupoteza ya dakika za mwisho. Funguo za kufungulia data iliyosimbwa nazo zikae Bukavu, mikononi mwa mtu anayeishi huko.